Karatasi ya Kufungia Karanga

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia harufu ya karanga za kukaanga. Nilikuwa kijana wa mashine ya kompyuta katika ofisi moja ya pamba mjini Shinyanga, suruali pana ya bugaluu mwilini, viatu virefu vya raizoni miguuni, na kiburi hadi utosini.

Tulikuwa tunachapa hati za kuchukulia mbegu. Malori ya kwenda Runzewe yalikwisha jipanga uani na mawingu ya mvua ya kwanza yalikwisha kusanyika. Bila hati mbegu haitoki, na mbegu ikichelewa mkulima amepoteza mwaka. Mashine ikafa katikati ya kazi.

Nikueleze kidogo, maana nyinyi mmezaliwa na kompyuta mfukoni. Mashine yetu ikifa haikusema kosa ni nini. Ilitoa namba tu, anwani ya mahali ilipofia. Kujua ni sentensi gani ya programu, ulifungua listi, kitita cha karatasi kilichochapwa siku programu ilipotafsiriwa kwa lugha ya mashine, kila sentensi na anwani yake pembeni. Unashuka na kidole mpaka unaipata.

Nikashuka na kidole. Kikaangukia sentensi ya kuchapa jina la kijiji. Sikujiuliza jina la kijiji linauaje mashine. Kila sentensi ilitobolewa kwenye kadi yake ya karatasi ngumu; nikachomoa kadi ya hiyo, nikaanza upya. Zikatoka hati tatu zisizo na kijiji, mashine ikafa tena.

Akaja mkuu wangu, Mzee Masanja, mtu asiyepandisha sauti hata ukimkanyaga. Nikamwamkia, akaitikia huku akiitazama listi.

"Hii ni ya lini?"

"Ya mwezi uliopita, mzee. Jana niliongeza sentensi moja tu."

"Kwenye foleni ya sukari, mtu mmoja akiingizwa mbele, wa nyuma wanabaki walipokuwa?" Nikaelewa: anwani zote za nyuma zilikwisha sogea. "Ya jana iko wapi?"

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Ya jana nilimpa mama mdogo, muuza karanga pale stendi, afungie karanga zake. Miaka ile karatasi ilikuwa adimu kuliko sabuni. Boksi letu la mwisho lilikuwa la hati za mbegu, kwa hiyo kuchapa listi nyingine haikuwezekana. Nikatimua mbio na raizoni zangu.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema mama mdogo, "ukifungua umenunua."

Nikafungua vifurushi vyote. Ukurasa wa kumi na nne, wenye anwani ile, haukuwemo. Nikarudi mifuko imejaa karanga na macho yamejaa machozi, sikufichi. Pale uani, dereva wa lori la kwanza alikuwa ameegemea tairi anatafuna, ukurasa wa kumi na nne kiganjani.

"Kumbe kikaratasi hiki ndicho kilichotuweka tangu asubuhi?" akauliza nilipomwomba. Akamaliza karanga zake kwanza, ndipo akanipa.

Mzee Masanja akashusha kidole polepole. Kikasimama kwenye sentensi niliyoiongeza jana kwa mkono wangu. Tukairekebisha, tukarudisha kadi ya kijiji isiyo na hatia, na malori yakatoka mvua ikianza kudondoka. Mzee hakunigombeza. Aliniomba karanga, na hilo likaniuma zaidi.

Mwanangu, nyani haoni kundule, nami nilikuwa nyani mwenye raizoni. Usimhukumu mtu wala sentensi kwa karatasi ya zamani. Ukibadili hata neno moja, tunza karatasi mpya. Na mambo yakiharibika, anza kutafuta pale mkono wako ulipogusa mwisho. Mungu akupe macho ya kuona la kwako kabla ya la mwenzio, na mvua ikukute umekwisha panda.