Gemu ya Baba na Waranti ya Embu

Watu wengine hununua gemu ya TV ili watoto watulie. Sisi tulimnunulia baba yangu, mzee mwenye wajukuu, dereva mstaafu wa lori la chama cha kahawa, na majirani zetu wa Nkubu wakatuunga mkono kwa kutucheka hadi machozi yakawatoka.

Kisa chenyewe kilikuwa mkono. Katikati ya miaka ya tisini kiharusi kilimpiga baba upande wa kulia, akalazwa, akarudi nyumbani bila maneno. Alichobaki nacho ni "eee," iliyomaanisha ndiyo, hapana, nataka chai, na niondokeeni. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja hadi kiganjani. Sista aliyemfanyisha mazoezi pale hospitalini alituambia wazi kwamba visipotumika kila siku vitakaza hivyo hivyo, na vikishakaza havitafunguka tena. Akampa mpira wa kubana. Baba aliuangalia ule mpira, akauchukua kwa mkono wa kushoto, akautupa chini ya kiti. Tuliuokota mara nyingi sana na kila mara aliutupa mbali zaidi, kwa hiyo angalau mkono wa kushoto ulipata mazoezi.

Halafu Jumapili moja tukampeleka kwa dada yangu Meru mjini. Wajukuu walikuwa wanacheza gemu ya magari, na mmoja wao alipokwenda kunawa akamwachia babu kile kidude cha kubonyeza, amshikie tu. Nilikuwa nimesimama pale na sahani za mukimo. Nikaona gari kwenye kioo linaenda. Polepole, lakini linaenda. Nikaangalia mapajani mwa baba nikaona kidole gumba cha kulia, kile ambacho sista mwenyewe alikuwa ameanza kukikatia tamaa, kimekaa juu ya kitufe na kinasukuma. Nusura niziangushe sahani.

Mashine ya namna ile niliipata Embu, kwa mwenye duka aliyevaa tai. Mwenye duka la vyombo vya umeme akivaa tai wakati ule ujue hakuna kupatana bei. "Madam, hii ni orijino," akaniambia. "Waranti ni mwaka mzima. Ikisumbua, unarudisha, unapewa ingine. Hakuna maneno." Nilimwamini. Nilikuwa karani wa ofisi ya serikali, na bado nilikuwa mtu wa kuamini vitu.

Sasa, baba aliendesha lile gari la kwenye kioo vile alivyoendesha lori la kahawa maisha yake yote. Alikaa kushoto. Kwenye kona alipunguza mwendo. Kupita gari lingine mlimani hakutaka hata kusikia. Wenzake walimpita, wakazunguka, wakampita tena, na yeye ametulia tu, mzigo wake uko salama. Lakini kidole kilikuwa kinasukuma asubuhi na jioni, na baada ya wiki chache kidole cha pili nacho kikaanza kuachana na kiganja. Siku niliyokiona kimenyooka nilikwenda jikoni nikalia nikiwa nimeshika mwiko.

Tatizo ni kwamba hakuwahi kufika. Kila alipokaribia mwisho wa mashindano, picha iliganda. Gari limesimama, miti imesimama, muziki unalia sauti moja ya kukera. Ukizima na kuwasha, unaanza upya.

Mtu mwenye akili angepanda gari siku hiyo hiyo akairudishe Embu. Sisi tuliita jumuiya ya kanisa. Mama alisema kitu kilichosaidia mkono wa mzee si kitu cha hivi hivi, na kama kimeanza kusumbua basi kuna wivu wa majirani ndani yake. Akina mama wa jumuiya wakaja na rozari na chupa ya maji ya baraka. Mwenyekiti wao hakuwa mtu mchoyo. Mahali ambapo padri angenyunyizia matone mawili matatu, yeye alimwaga kama anayemwagilia sukuma wiki. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa heshima, na nilipoinua maji yalikuwa yanatiririka ndani ya tundu la kaseti. Tukasema amina.

Tukaiacha ikauke juani, tukaiwasha. Iliwaka, kisha ikaganda pale pale ilipozoea kuganda, na mama akasema angalau haijaharibika zaidi.

Hapo ndipo tulipokwenda Embu, mimi na mama. Yule wa tai alifungua mashine kwa bisibisi, akachungulia, akatabasamu. Sijawahi kuona mtu akifurahia hasara ya mwenzake kiasi kile.

"Hii imeingia maji," akasema. "Waranti imekufa."

Nilikuwa na uongo mzuri sana tayari mdomoni, kuhusu paa linalovuja. Lakini mama yangu ni Mkristo. "Si maji, mwanangu," akamwambia. "Ni maji ya baraka."

"Mama, kwa waranti maji ni maji."

"Hata kabla ya maji ilikuwa inaganda," nikasema.

"Ushahidi uko wapi, madam?"

Tulibishana hadi wateja wakaacha kuangalia redio wakatuangalia sisi. Mwishowe, ili tumwondokee dukani, akakubali kuipeleka Nairobi kwa mafundi wa kampuni. Itachukua siku chache, akasema. Zile siku chache zilikula wiki, kisha wiki nyingine. Nilikuwa napiga simu kutoka ofisini, jambo lililokuwa kosa, na kila mara naambiwa fundi ametoka kidogo. Huyo fundi alikuwa ametoka kidogo tangu Krismasi.

Nyumbani mkono ulikuwa unarudi. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Kidole cha pili kiliinama tena, kisha kikalala kabisa. Mama alivinyoosha vidole kwa mafuta ya moto kila jioni, na asubuhi tunavikuta vimejikunja. Baba alikaa mbele ya TV iliyozimwa. Tulipomletea mpira, hata kuutupa hakuutupa. Niliogopa sana wakati ule, na hasira yangu yote ilikuwa ni woga tu.

Mashine iliporudi, ilikuja na habari njema. Mafundi wa Nairobi wameijaribu, haina shida yoyote. Iliganda jioni hiyo hiyo.

Niliporudi Embu, sikusalimia mtu. "Kama mafundi wenu wanasema ni nzima, basi maji hayakuiharibu," nikamwambia yule wa tai. "Kwa hiyo waranti imefufuka. Nipe ingine."

Alifikiria. Akaiwasha, akaweka ile kaseti ya magari, akaendesha mwenyewe kama mwehu, akapita kila mtu, akamaliza mashindano mara moja. Haikuganda. "Unaona? Nzima. Labda huyo anayeicheza ndiye hajui. Mleteni."

Alikuwa anatania. Sisi tulimleta.

Tulikodi pikapu ya jirani, tukamkalisha baba mbele, na njia nzima alikuwa anamwonyesha jirani kwa kidevu mahali pa kupunguza mwendo. Dukani alipewa kiti. Mama alimkunjua vidole kimoja kimoja, akamwekea kidude mkononi, gari likaondoka.

Wateja walikusanyika. Hakuna aliyewahi kuona mashindano ya magari yanayoendeshwa kwa adabu kiasi kile. Magari mengine yalimaliza, yeye yuko katikati ya njia.

"Mzee, si ukanyage?" yule wa tai akamwambia.

"Eee," baba akajibu, akapunguza kwa ajili ya kona.

Ndipo nilipoelewa. Mafundi wa Nairobi walikimbia wakamaliza kabla mashine haijapata moto. Baba peke yake ndiye aliyekaa nayo muda wa kutosha kuijua tabia yake. Nilisimama pale namwomba Mungu aiharibu, na huku naangalia kidole. Kilikuwa kinatetemeka. Kiliteleza kwenye kitufe, akakirudisha mwenyewe. Kikateleza tena, akakirudisha. Akaingia mzunguko wa mwisho. Mstari wa mwisho ukaonekana kule mbele, mweupe, na barabara yote ni yake.

Picha ikaganda.

Yule wa tai alibonyeza hiki na kile. Akaipiga mashine kofi juu. Ule muziki wa sauti moja ukaendelea kulia.

Na baba akasema. Si "eee." Alimgeukia mwenye duka, akafungua mdomo upande ule uliokuwa unafunguka, akatoa neno la Kimeru, zima, na kila herufi mahali pake. Ni neno ambalo madereva wa malori humwambia mtu aliyeegesha gari katikati ya daraja, na sitaliandika hapa. Kimeru na Kiembu haviko mbali. Yule wa tai alilielewa vizuri sana, kwa sababu alipanda ngazi akashusha boksi jipya.

Hakuna aliyeliangalia boksi. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye simenti, amemshika baba uso kwa mikono miwili. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumlisha mumewe nje kwenye baridi kwa ajili ya neno hilo hilo, na akawanyima watoto wake chakula kwa kulirudia.

"Sema tena," alikuwa anamwambia mbele ya wateja wote. "Baba watoto, nakuomba, sema tena."

Akasema.