Tetere wa Pak Wiryo na Pilipili ya Pak Ngatijan

Pak Ngatijan alijaliwa sauti ambayo ingeweza kusimamisha treni, ila kazi yake ilikuwa kusimamisha watu ili treni ipite. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye kivuko cha reli upande wa mashariki wa Yogyakarta, akiwafokea wenye pikipiki, wauza tempe za soya na wanafunzi waliotaka kupenya chini ya kizuizi. Alipostaafu, sauti ilikataa kustaafu naye. Kichochoro chetu kimening'inia juu ya mto Code na nyumba zimebanana kweli, mtu akipiga chafya wa nyumba ya pili anamwitikia. Ngatijan akiuliza kandambili yake iko wapi, sisi sote tulikuwa tunainama kuangalia chini ya vitanda vyetu.

Aliyemweza ni mmoja tu, mkewe, Bu Tukinem. Yule mama alikuwa akisema "Sst, Pak'e," yaani kimya, baba, polepole, bila hata kugeuza kichwa kutoka kwenye kikaango, na mzee anashuka kama maziwa yaliyoepuliwa jikoni. Alipofariki, sst ile ikaenda naye. Ngatijan akawa anaifokea redio, anawafokea paka wa watu, anaifokea mvua. Presha ikapanda. Zahanati wakampa vidonge, naye akawa anavimeza siku anazokumbuka, na siku anazokumbuka zilikuwa ni zile za kwenda zahanati.

Hapo ndipo watu wa chuo kikuu walipotujia.

Walikuwa watatu. Dokta Palupi alikuwa daktari wa wanyama, mama wa makamo mwenye mikwaruzo ya paka mikononi. Mas Tegar alikuwa nesi, kijana mpole aliyebeba mashine ya kupimia presha kama mtu aliyebeba mayai. Na dada mmoja, Mbak Kinasih, alikuwa mtafiti wa mambo ya jamii. Kazi yake ilikuwa kuketi vibarazani na kutusikiliza tukisema habari za watu, kazi ambayo akina mama wa kichochoroni waliifanya miaka yote bila kujua kwamba inasomewa.

Walitukusanya kwenye ukumbi wa mtaa wakaeleza shida yao. Wanaume wa Java wamesema tangu zamani kwamba mlio wa perkutut, yule tetere mdogo mwenye mistari shingoni, unapoza damu. Je, ni kweli, au ni kisingizio cha kukaa bila kazi? Wazee wenye presha watapiga kura. Nusu watapewa tetere kwenye tundu, nusu watapewa mche wa pilipili kwenye chungu, ili kila mtu awe na kitu cha kutunza. Kisha watapimwa na kuulizwa maswali mpaka utafiti uishe.

Sasa, Ngatijan alikuwa ametamani tetere tangu ujana wake, na Bu Tukinem alikuwa amekataa tangu ujana wake. "Nyumba hii mwenye kelele mmoja anatosha," ndilo lililokuwa jibu lake. Kwa hiyo mzee alikuja ukumbini amevaa shati la batiki la harusi, kachana nywele kwa maji, na uso wa bwana arusi. Akatia mkono kwenye kofia ya kura. Akatoa pilipili.

Aliyefuata alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, Pak Wiryo, fundi cherehani mstaafu, mtu mkimya, asiyeona raha na kitu chochote chenye manyoya. Alikuja kwa kuwa mkewe, Bu Sarinten, alimsukuma mpaka mlangoni. Akatoa tetere.

"Pilipili?" Ngatijan akasema. "Mimi nina presha, nyinyi mnanipa pilipili?"

"Si ya kula, Pak," Mas Tegar akamjibu. "Ni ya kutunza. Asubuhi na jioni unakaa nayo. Ukipenda unaongea nayo."

"Niongee na pilipili."

"Ukipenda, Pak."

"Na huyu ndiye aongee na ndege?" Akamnyooshea kidole Wiryo, ambaye alishika tundu mbali na kifua chake, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu halafu mtoto akajikojolea. "Huyu hata mkewe haongei naye!"

"Kweli kabisa," Bu Sarinten akadakia kutoka nyuma.

"Basi tubadilishane, mambo yaishe."

"Haiwezekani, Pak. Mkichagua wenyewe, tutajuaje kama ndege ndiye aliyemtuliza mtu, au mtu alikuwa mtulivu tangu kwao?"

Dokta Palupi alikuwa bado ana maneno ya kusema mbele ya watu, lakini Ngatijan alishakumbatia chungu chake na kutoka nje akisonya, na nusu ya ukumbi iligeuka kumtazama badala ya kumsikiliza dokta.

Mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona bila kuchungulia. Jioni anakaa kwenye mkeka na ule mche mbele yake. "Haya, kua! Umekaa tu kama karani wa serikali!" Mche ukanyauka. Upande wa pili wa ukuta, Wiryo alimpa mgongo tetere wake na kusoma gazeti. Ndege hakulia hata kidogo. Bu Sarinten alifikiri wamepewa bubu.

Siku moja Ngatijan akashindwa. Akapanda kwenye kigoda, akaweka kidevu juu ya ukuta, akapiga mluzi mwembamba, laini, ambao sikujua kama unaweza kutoka kwenye kinywa kile. Ndege akainua kichwa. Akajibu.

"Pak Jan," Wiryo akasema bila kushusha gazeti, "unaongea na ndege wangu?"

"Naongea na hewa."

"Hewa haina mistari shingoni."

"Wewe si humtaki! Unamwacha anakaa kama mgeni asiyekaribishwa chai!"

"Simtaki, lakini ni wangu. Kura imesema."

Bu Sarinten akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nyie wazee, mbona mnanichosha? Huyu wangu anapenda miche kuliko anavyonipenda mimi. Na wewe, mche wako ule unakufa kwa matusi. Pitisheni vitu hapo juu ya ukuta. Wale watoto wa chuo wakija kupima, kila mtu anarudishiwa chake. Nani atajua?"

Walipitisha. Mimi nilishika chungu kwa chini wasije wakakiangusha, kwa hiyo siwezi kujitoa kwenye kesi hii.

Ngatijan akampa ndege jina la Kanjeng, kama mabwana wa kasri. Kila alfajiri alilipandisha tundu lake juu ya mlingoti kwa kamba, kama bendera, akaketi chini na kahawa yake kumsubiri alie. Na hapo tukaanza kuona maajabu. Kanjeng alikuwa hapendi kelele. Ngatijan akifoka, ndege ananyamaza, na akinyamaza ananuna mpaka jioni. Basi mzee akajifunza kuongea chini. Kwanza kwa ndege tu. Kisha akazoea, akawa anatuongelesha hata sisi kwa sauti hiyo, mpaka muuza mboga akamuuliza kama ana mafua. Asubuhi moja nilimsikia akisema taratibu, uso juu kwenye mlingoti, "Mama yako angekufukuza, wewe. Angekufukuza siku ya kwanza. Halafu ningemkuta amekuwekea mtama." Nikarudi ndani nikajifanya natafuta ufagio.

Kwa Wiryo nako pilipili ilistawi ikawa kama mti wa sikukuu. Tatizo ni kwamba Bu Sarinten alikuwa anaisaga. Siku ya kupimwa, mche unarudishwa kwa Ngatijan umeshachumwa, na Mbak Kinasih akauliza, "Pak, tulipopima mara ya mwisho niliona pilipili changa nyingi. Zimekwenda wapi?"

"Zimestaafu," Ngatijan akajibu.

Shida kubwa ilikuwa Kanjeng. Akirudishwa kwa Wiryo siku ya kupimwa, akimsikia Ngatijan ng'ambo ya ukuta anaanza kulia kama anayemwita mdeni wake. Dokta Palupi alikuwa anamshika mkononi kumpima uzito, na kila Ngatijan akisema neno, ndege anageuza shingo kuelekea ukutani. Dokta akawa anautazama ule ukuta.

Kwa hiyo Ngatijan akaamua kunong'ona. Mas Tegar alipokuja kwake na mashine akauliza hali, mzee akamjibu kwa kupumua tu, midomo imekazwa.

Tegar akamwangalia. "Pak, sauti yako imefanyaje?"

"Hakuna kitu," akanong'ona.

"Inua mikono yote miwili. Tabasamu, Pak. Tabasamu tena. Mbona mdomo umepinda?"

Mdomo ulipinda kwa sababu hakuwa na mazoea ya kutabasamu kwa amri. Lakini Tegar alishaona kiharusi. Akamlaza chini, akaanza kupiga simu ya gari la hospitali, akamwita dokta kutoka ng'ambo ya ukuta. Mimi nikaingia mbio na maji, Bu Sarinten akaingia mbio na dua.

"Mimi mzima!" Ngatijan akanguruma, sauti ya kivuko cha reli yote nzima, mabati yakatetemeka. "Mzima kabisa! Niachieni mguu!"

Na ng'ambo ya ukuta Kanjeng akajibu, mara moja, kwa furaha.

Bado jambo lingeweza kuishia hapo. Tegar aliona aibu, akaomba radhi, akampima ili kumtuliza, na alipoiona namba uso wake ukachangamka. "Pak, hongera! Presha imeshuka sana. Kweli nilikuwa sitegemei. Hii tutaiandika: mtu alikaa na pilipili yake, na pilipili ikamsaidia."

Ngatijan alimtazama kijana, akautazama mche uliochumwa, akautazama ukuta.

"Pilipili?" akasema hatimaye. "Pilipili imefanya nini? Ile imekaa tu! Aliyefanya kazi ni Kanjeng!"

Akatoa yote, kuanzia kigoda mpaka ukuta. Akamtaja Wiryo, akamtaja Bu Sarinten na mwiko wake, akanitaja hata mimi na chungu. Wiryo akaja akasimama mlangoni, akasema kwa upole, "Ni kweli. Na hiyo pilipili ilikuwa tamu." Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa mbele ya watu.

Dokta Palupi aliketi kwenye mkeka. Hakukasirika, na hilo lilituumiza zaidi. "Nyote wawili mmetoka kwenye hesabu," akasema. "Haiwezekani kuwatumia tena. Na ndege ni wa chuo mpaka utafiti uishe, Pak. Lazima nirudi naye."

"Nifuteni mimi. Mwacheni yeye."

"Haiwezekani." Akasita. "Pak Ngatijan, siku ile ya kura ulinisikiliza mpaka mwisho? Nilisema kwamba utafiti ukiisha, kila aliyepata pilipili atapewa na yeye tetere wake. Ungesubiri tu."

Bu Sarinten akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga, akashindwa, akatoka nje kwenda kucheka vizuri.

Mzee mwenyewe ndiye aliyelifunika tundu kwa kitambaa na kulipeleka mpaka kwenye gari. Alimweleza dokta kwamba Kanjeng hapendi maji ya jana, na kwamba asipandishwe upande wa jua kali. Dokta aliitikia kila neno kwa heshima. Gari lilipoondoka, mzee alibaki barabarani akiangalia kule lilikokwenda, na siku zile zilizofuata hakumfokea mtu wala hakusema na mtu. Tulikuwa tumelalamikia kelele zake miaka na miaka, na sasa tulitembea kichochoroni kama kwenye nyumba ya msiba. Bu Sarinten alimpelekea wali na pilipili ya kusaga. Wiryo alianza kwenda kukaa naye jioni, na gazeti lake. Walikuwa hawaongei. Siku moja wakaanza kubishana habari ya kwenye gazeti, sauti ya Ngatijan ikapanda mpaka juu, nasi tukashusha pumzi.

Msimu wa mvua ulipokwisha, wale watatu walirudi kutusomea majibu. Wenye ndege walishuka kidogo, wenye pilipili nao walishuka kidogo, na nani alishuka zaidi walikuwa bado wanabishana wao kwa wao.

"Yaani mmehangaika muda wote huu," Ngatijan akauliza, "mje mtuambie kwamba hamjui?"

"Zamani tulikuwa hatujui, na tulidhani tunajua," Mbak Kinasih akamjibu. "Sasa hatujui kwa uhakika, Pak."

Mzee aliipenda hiyo. Aliirudia kwa kila mtu aliyepita.

Ngatijan naye alipewa ndege wake, maana Dokta Palupi alisema ahadi ya siku ya kura ilikuwa kwa wote waliopata chungu, hata wakorofi. Ila hakuwa Kanjeng. Kanjeng alikuwa ameshaanza kutaga mayai kwenye banda la chuo, jambo lililomshangaza Ngatijan kuliko kiharusi. Huyu wa sasa ni kinda mwenye mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Mwezi uliopita mzee na Wiryo walimpeleka kwenye mashindano ya tetere, wakapanda basi na tundu limefunikwa, shati la batiki limepigwa pasi na Wiryo mwenyewe. Ndege wa wenzao walilia mpaka waamuzi wakafumba macho kwa utamu. Wa kwetu alilala usingizi.

Ngatijan alituhadithia yote yale aliporudi, kwa sauti ya chini kabisa, kwa sababu kinda alikuwa bado hajaamka.