Sigara Mbili za Kusubiri Baruti

Pale Kharumwa hakuna aliyeijua kazi ya kuacha sigara kama Jilala. Alishaiacha mara tisa. Mara moja aliiacha asubuhi, akairudia kabla chai haijapoa, na bado alidai hiyo nayo ihesabiwe.

Safari hii kulikuwa na sharti. Mkewe Martina alikuwa amejifungua Elieth baada ya kungoja miaka kumi na moja, na mtoto alikuwa na kikohozi.

"Anayenuka moshi hamshiki mwanangu," alisema. "Kaa siku saba safi, ndipo nikupe."

Basi machimboni kote akawa Baba Elieth, na huyo Elieth hajamgusa hata kidole.

Siku nne zilikwenda vizuri. Nyumbani alikuwa hata anasahau. Shida ilikuwa duarani, kwenye shimo lao la dhahabu. Wakishalipua mwamba, hakuna anayeshuka mpaka moshi wa baruti utoke, na tangu enzi za baba yake, mzee Maige, muda huo ulipimwa kwa sigara mbili, moja baada ya nyingine, bila haraka. Simu zenye saa wanazo. Lakini mwambie mchimbaji asubiri nusu saa, anakuona askari; mwambie sigara mbili, anakaa chini.

Siku ya tano baruti ilipolia, mkono wa Jilala ukaenda mfukoni wenyewe, kama ng'ombe anayerudi zizini. Mfuko mtupu. Ignas, anayeshika naye kamba ya duara, akamnyooshea sigara yake.

"Shika, Baba Elieth. Tutajuaje muda?"

Hilo ni swali la kitaalamu. Jilala akavuta.

Alikuwa amefika nusu alipokumbuka. Hapo hapo likaja wazo lililomwangusha mara zote tisa, na sauti yake tamu kama ya mgombea: umeshaharibu, sasa unabania nini? Maliza pakiti, uanze Jumatatu. Jumatatu za Jilala zilikuwa nyingi kuliko za kalenda.

Akaizima kwa buti, akaenda nyumbani. Martina alimnusa akiwa bado mlangoni.

"Ngapi?"

"Nusu."

"Wewe? Nusu? Huwa unarudi umemaliza pakiti, na hotuba juu."

"Nimeshaharibu, Mama Elieth. Naanza upya."

"Uanze upya nini? Zile siku nne umezirudisha dukani? Ulivutia wapi?"

"Tulikuwa tunasubiri baruti."

"Na ile mara ya tisa?"

"Baruti."

"Ya nane?"

Jilala akajishika kichwa, kama mtu aliyepekua nyumba nzima kutafuta kofia aliyoivaa. Martina akaingia jikoni, akatoka na kopo la karanga zenye maganda.

"Kapime na hizi."

Kesho yake duarani wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Baba Elieth amekuwa tumbili," alisema Ignas. Jilala akamenya, akatafuna, akakataa mtu kushuka mpaka kopo liishe. Lilichukua muda mrefu kuliko sigara mbili, na moshi wa baruti ukatoka wote. Jioni Ignas akakiri kwamba leo kichwa hakimuumi, kisha akauliza, kwa sauti ya chini, karanga zinauzwa wapi.

Martina hakusamehe ile nusu. Akaiongeza kwenye hesabu. Siku saba na nusu zilipotimia, saa sita mchana, Jilala alioga mara mbili, akapokea mtoto kwa mikono iliyozoea sururu. Elieth akakunja uso, akamnusa kifuani, akapiga chafya.

"Maganda ya karanga," alisema Martina. "Kung'uta shati, umshike vizuri."

Akalikung'uta.