Asubuhi Mke Wangu Alipokataa Hirizi

Mtoto wetu wa pili alikuwa amelala kwa upande tumboni. Nesi wa zahanati ya kijiji alimpapasa mke wangu mara mbili, akanawa mikono, akaniita nje. Akaniambia pale hana la kufanya. Mgonjwa anatakiwa kupasuliwa, na upasuaji ni hospitali ya mjini, Morogoro. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri.

Kijiji chetu kiko juu, Uluguru, kwenye miteremko ya kabichi na karoti. Masika ile mvua ilikuwa imekata barabara sehemu mbili. Dereva niliyempigia simu alisema atasubiri chini darajani, zaidi ya hapo hawezi. Kutoka kwetu hadi darajani ni mwendo wa saa mbili, tena kwa mtu asiyebeba kitu. Tulihitaji machela na wanaume wa kupokezana.

Wanaume walikuwepo. Walikuwa wamekusanyika barazani kwa mjomba wa mke wangu, wakisubiri neno lake. Kwetu Waluguru watoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wa lukolo, yaani ukoo. Mwaka uliotangulia alituita kwenye tambiko la ukoo, mke wangu akakataa kwenda, akasema yeye ni Mkatoliki na hawezi kuabudu kuwili. Mjomba hakugomba. Alinyamaza tu, na tangu siku hiyo nilikuwa naogopa ukimya wake.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akasema vijana watabeba, ila kwanza mke wangu afungwe hirizi kiunoni, maana njia ile inapita kwenye makaburi ya wazee aliowadharau. Hawezi kuwatuma watoto wa watu wambebe mtu ambaye wazee wamemkasirikia. Alisema hayo taratibu, na sidhani alikuwa na ubaya. Alimpenda mpwa wake. Akaitoa hirizi mfukoni, akaninyooshea.

Ilikuwa kitambaa cheusi kilichoshonwa, kidogo kama kidole gumba. Nikaipokea. Niseme ukweli, sikusita hata kidogo, mimi mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, niliyezoea kuwaongoza wenzangu rozari nyumba hadi nyumba. Nilifumba kiganja nikarudi nyumbani mbio.

"Mjomba amekubali," nikamwambia mke wangu. "Tukufunge hiki tu, tuondoke."

Alikitazama. Akasubiri uchungu upite, kisha akatikisa kichwa. Nikamwambia ni kitambaa tu. Nikamwambia Mungu anaona moyo, na kwamba tutakwenda kuungama baadaye. Mwisho nikamwambia kwa ukali kwamba anamuua mtoto wangu.

"Naogopa kuliko wewe," akasema. "Lakini kama nakufa, sitaki nife huku nimeshika pande mbili. Katafute watu wengine."

Nilitoka nje nimemkasirikia. Niliona ni kiburi kile, si imani, na kwamba mimi ndiye nitakayezika watu wawili kwa ajili ya kiburi chake.

Jirani yetu wa bondeni, Mwislamu, tuliyepakana naye mashamba, alikuwa anapandisha kutoka kwenye kabichi zake. Alikuwa amesikia. Nikamweleza yote, hata ya hirizi, nikidhani naye atataka kupima nani ana haki. "Dini yake ni yake, jirani," akasema. "Mimi nina mabega." Akawaita ndugu zake watatu. Tukafunga blanketi kwenye miti miwili, nesi akashika mwavuli, tukaanza kuteremka.

Udongo ulikuwa unateleza kama sabuni. Pale makaburini mmoja wa wale ndugu alianguka kwa goti, machela ikainama, na mke wangu akalia. Hirizi ilikuwa bado mfukoni mwangu, na nilifikiria kumfunga bila yeye kujua. Mkono wangu uliingia mfukoni kabisa.

Muda wote mke wangu alikuwa anasali Salamu Maria kwa sauti ya chini. Ghafla akanyamaza. Nikamwita, hakuitika. Nesi akainama kumshika mkono. Kisha mke wangu akafumbua macho, akanitafuta.

"Nimesahau nilipofika," akasema. "Nisaidie."

Nikatoa mkono mfukoni. Nilianza kusali, sauti ikakatika, nikaanza tena. Sala niliyoijua kuliko jina langu nilikuwa nikiikosea, na yeye, katika hali ile, ndiye aliyenirekebisha. Tulifika darajani hivyo.

Hospitalini walimwingiza chumba cha upasuaji moja kwa moja. Jirani yangu alikaa nami kwenye benchi akiwa na matope hadi magotini. Mtoto alitoka mzima, wa kike. Mama yake alipoteza damu nyingi, na kizazi hakikuweza kuokolewa. Kule kijijini wapo waliosema ni muujiza, wapo waliosema wazee wamejibu. Mke wangu hakukubali lolote kati ya hayo. Nilipomweleza nilichotaka kufanya makaburini, akasema hata kama tungemzika mtoto siku ile, angekataa vilevile. Maneno hayo bado yananitisha. Niliomba jumuiya ichague mwenyekiti mwingine.

Siku ya tatu tangu turudi nyumbani, mjomba alikuja. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia. Mke wangu alimwamkia, akamkaribisha kiti, akampa mtoto.

"Bado unakataa?" mjomba akauliza.

"Bado, mjomba."

Alimpakata yule mtoto mpaka mtoto akasinzia, nasi wawili tukawa tunamtazama mjomba, hakuna aliyejua atainuka na neno gani.