Kurta Niliyomnyima Mama

Usinitazame hivyo. Najua kisa hiki kinafanana na vile vya kutishia watoto wasizurure, lakini hiki kilinipata mimi mwenyewe, tena kweupe, akili zangu timamu. Ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga kisa ambacho mimi si mbaya.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nguo zilipoadimika kweli kweli. Duka la kijiji lilikaa miezi bila hata kitambaa cha leso. Mimi nilikuwa binti, nimeshachumbiwa, na nilikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekijua: kurta, lile vazi la kike la Kihindi linaloshuka hadi magotini. Ya pamba nyeupe, imetariziwa maua mekundu kifuani, na shingo yote imezungushiwa shanga ndogo ndogo. Mke wa mwenye duka mmoja mjini Sumbawanga alinipa kwa madebe mawili ya ulezi. Nikaificha kwenye kihenge, chini ya mahindi. Ndiyo ningeolewa nayo.

Mama akafa mwezi wa sita, baridi ya Ufipa imekaza. Kanga yake ilikuwa moja, nayo iliharibika kwa ugonjwa. Balozi wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango kuomba chochote cha kumsitiri marehemu. Akarudi mikono mitupu. Akanigeukia mimi.

“Binti yangu, humu ndani hamna hata kipande?”

“Hamna, baba.”

Nilisema hivyo, na mama amelala hatua tatu tu kutoka niliposimama. Unadhani ni shetani aliyenishika ulimi? Hakuna cha shetani. Niliitaka nguo yangu, basi. Shangazi akaunganisha magunia mawili kwa ile sindano kubwa ya magunia, na mimi ndiye niliyemshikia yasiteleze. Tukamzika mama kwenye mahame, yaani makazi yetu ya zamani tuliyohamishwa, kando ya kaburi la baba.

Wiki tatu baadaye mimi na mchumba wangu tuliitwa misheni Kaengesa kuandikisha ndoa. Yeye alitangulia. Mimi nikaitoa kurta, nikaivaa kwa mara ya kwanza, nikashika njia asubuhi, ukungu haujainuka. Njia yenyewe inapita mahameni. Nilitaka kupita haraka.

Kando ya njia alikaa mwanamke, amejikunyata, gunia limemfunika hadi kichwani, anatetemeka.

“Shikamoo, mama.”

Hakuitikia. Mtu mzima gani anaamkiwa asiitikie marahaba? Nikasogea nimuulize kama anaumwa. Hapo ndipo nikauona mshono wa shangazi kwenye lile gunia, umepinda palepale mkono wangu ulipolegea kwa kilio.

“Nasikia baridi, mwanangu,” akasema.

Sauti ilikuwa ya mama. Sisemi ilifanana na ya mama. Ilikuwa ya mama.

Niamini, sikukimbia. Nilipiga magoti, nikaivua kurta palepale njiani, nikabaki na gagulo, upepo unanichoma, nikamwekea mapajani. “Chukua, mama. Chukua. Ilikuwepo, niliificha mimi. Nisamehe.” Nilikuwa nalia kama mtoto.

Akatoa mkono. Akaipapasa taratibu, akapitisha kidole juu ya shanga moja moja, kama alivyozoea kuchambua maharage. Nikajua anaipokea. Mungu wangu, nilivyofurahi!

“Nzuri,” akasema. “Ungenipa siku ile.”

Akaikunja, mikono ndani, vile alivyonifundisha yeye mwenyewe, akanirudishia. Nikamng'ang'ania gunia. Nikamsihi, nikamwapia, nikalia hadi sauti ikakauka. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala juu ya kaburi lake, viganja vimejaa udongo.

Ndoa ilifungwa, lakini si kwa nguo ile. Mara mbili niliipeleka nikaitandaza kaburini, na mara mbili niliikuta kwenye kihenge, imekunjwa, mikono ndani. Nikampa jirani. Akairudisha jioni ile ile, anasema ikigusa mwili ina ubaridi wa udongo mbichi. Nikampa mwingine, naye akairudisha.

Leo mimi ni bibi. Popote penye msiba, kuanzia Milanzi hadi Kasense, nafika na sanda kwapani kabla sijaulizwa. Watu wananisifu eti nina huruma. Huruma ipi? Ni woga, na aibu isiyoisha.

Sasa wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu umemfichia mtu wako, kitoe leo hii, angali anaweza kunyoosha mkono akakipokea. Usiseme utampa kesho. Mimi nilichelewa wiki tatu tu, na mpaka leo kurta ninayo, sina wa kunipokelea.