Chambo cha Mugeni

Siku ya kwanza nilifika kwenye bwawa na jembe begani, si na mwanzi wa kuloba samaki. Klabu ya bonde letu, huku Masisi, ilikuwa inatafuta wanawake wa kukata majani kwenye ukingo wa udongo unaozuia maji. Mimi nilikuwa na mikono ya nguvu, na mutoto wangu wa kwanza, Bahati, nilikuwa nimemubeba mugongoni. Nikakuta wanaume wazima wameketi mustari mumoja, kila mumoja na mwanzi wake, kimya kama wako kwenye misa. Mumoja akavuta samaki munene kama paja langu. Nikamushukuru Mungu kwa niaba ya bibi yake. Wakamupima, wakapiga makofi, halafu wakamurudisha mu maji.

Nikatupa jembe chini.

"Ninyi wanaume muko na wazimu? Munamurudisha? Kwenu hakuna sufuria?"

Wote wakageuka. Agronome wa klabu, mutaalamu wetu wa kufuga samaki, muntu mwembamba mwenye kusema polepole, akanifuata na kidole kwenye midomo.

"Mama Bahati, piga kelele nusu. Samaki wanasikia."

"Wanasikia nini, nao wako ndani ya maji?"

"Wanasikia ile jembe uliangusha. Kaa hapa. Shika huu mwanzi kama unajua kuliko sisi."

Nilikaa kwa sababu ya hasira tu. Kielea changu, ule mwiba wa nungunungu unaoelea na kukuonyesha kama samaki anagusa, kilitikisika. Nikavuta kwa nguvu zote za kulima maharagwe. Ndobo, ile ndoana ya kamba yangu, ikatoka tupu, ikapita juu ya kichwa cha Prezida wa klabu, ikakamata kofia yake ya ngozi. Watu walicheka mpaka Bahati akaamuka, akaanza kulia.

"Umeloba ng'ombe," Agronome akaniambia. "Karpe hamezi kama kuku. Ananyonya, anatema, ananyonya tena, kama koko muzee, mwenye wajukuu na hana meno, anaonja fufu ya moto. Wewe ngoja mpaka mwiba ulale na uende. Pale njo unavuta."

Mimi nilisoma mpaka ya tatu primeri tu, lakini hayo maneno sikuyasahau. Juma lililofuata niliacha jembe nyumbani.

Ninyi vijana munaosoma hii, kwanza mujue karpe ni nani. Si ile tilapia ambayo wamama wa soko wanaita karpe. Huyu ninayemusema ana ndevu nne pembeni ya mudomo, magamba makubwa, na akili. Anakula chini, kwenye matope, na anavumilia maji ya baridi ya milima yetu. Kamba ilikuwa ya nailoni nyembamba, ndobo ndogo, na chambo ilikuwa donge la unga wa muhogo na mahindi ya kukaanga, lililokandwa kwa masira, yale machicha ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Harufu yake hata mulevi angeifuata mu maji.

Kabla ya mashindano tulipiga kura ya nafasi, maana kila muloba alikuwa na kipande chake cha ukingo na hawezi kukitoka. Firimbi ya kwanza, unaanza. Samaki unamutia mu kitunga cha matete kilichozama, akae muzima. Firimbi ya mwisho, Mupimaji anapita na balansi yake ya kilo, mwenye kilo nyingi ameshinda, na samaki wote wanarudi nyumbani kwao. Tulikula mara moja kwa mwaka, wakati wa kupunguza samaki. Majirani walitutukana sana kwa ajili hiyo. Mama mukwe wangu alifariki bado hajaelewa. "Muntu anaenda kusalimia samaki," aliwaambia watu, "njo kazi ya bibi wa mutoto wangu."

Lakini desturi yetu kubwa ilikuwa moja, na ndiyo inanifanya niandike. Wageni wakija kushindana nasi, hawakuleta chambo cha kutupa majini ili samaki wakusanyike. Kila mwenyeji alipewa mugeni wake. Kabla ya firimbi, mwenyeji anaketi karibu naye na kumutupia madonge mbele ya kielea chake, kwa mukono wake mwenyewe, kwa sababu mwenyeji njo anajua samaki wa kwao wanapenda nini. Tuliita hiyo kukaribisha maji. Ukienda kwao, wao wanakutupia wewe. Unakubali mukono wa muntu unayetaka kumushinda. Mugeni mwenye kuleta chambo chake kwa siri ilikuwa kama muntu anakuja kwako na sahani ya chakula chini ya nguo.

Nilipanda kidogo kidogo. Kwanza muloba wa mazoezi tu, bila kura, kwenye nafasi za mwisho, kule kwenye kivuli samaki hawapendi. Halafu muloba wa kweli. Halafu Prezida akanipa kazi ya Mukubwa wa Chambo, mwanamuke wa kwanza. Alinipa kwa maneno yake magumu: "Ulikamata kofia yangu. Sasa nikamatie wale watu wa Walikale."

Watu wa Walikale walikuwa klabu ya Ntoto. Tulienda kwao kwa miguu, tukishuka toka kwenye baridi mpaka kwenye joto la musitu, mabwawa yenye maji meusi kama kahawa. Kule mugeni wangu, ao niseme mwenyeji wangu, alikuwa Mama Mapendo. Mufupi, mweusi, sauti kubwa. Mara ya kwanza alinitupia chambo cha mchwa waliotwangwa na mawese, akaniona ninakunja pua.

"Dada wa milimani, usiogope. Samaki wetu hawajui pombe yenu. Wao ni walokole."

"Basi nitawaombea kwanza."

"Omba mbio. Nimeshakuhurumia ya kutosha."

Alinishinda kwake, nikamushinda kwangu. Ikawa hivyo miaka yote. Akija kwetu alilala nyumbani kwangu, na watoto wangu walimuita mama mudogo. Hakuna siku hata moja nilikuta udongo ndani ya donge lake.

Halafu mulima ukaanguka. Mvua ilinyesha siku nyingi, na udongo wa upande wa juu ukashuka. Sasa, Agronome alikuwa anatenganisha samaki: wanaume bwawa la chini, wanawake bwawa la juu, ili wazae wakati anataka yeye. Udongo ulipita pembeni ya bwawa la juu, ukafunika la chini lote. Tukabaki na bwawa la juu peke yake: wanawake wadogo wasiobeba mayai bado, tilapia, na karpe mumoja mukubwa sana, mama wa wote, tuliyemuita Koko. Tumbo lake lilikuwa limejaa mayai, na hakuna mume.

Ntoto walikuwa na wanaume wengi wazuri, lakini wanawake wao walikuwa wamekufa na ugonjwa. Mutoto wa shule angeona jibu. Prezida wetu na Prezida wao hawakuliona. Waliketi wakanywa, wakapatana hivi: mashindano moja, kwetu. Tukishinda, wanatuletea wanaume. Wakishinda, wanaenda na Koko.

Agronome alishika kichwa. "Papa Prezida, tukimupoteza yule, tumefunga bwawa."

"Hatutamupoteza. Iko kwetu. Iko maji yetu."

Asubuhi ya mashindano Prezida alituita sisi wenyeji nyuma ya nyumba ya kupimia. Alikuwa na beseni la udongo wa mufinyanzi, ule mwekundu.

"Leo chambo cha wageni ni hii. Unga juu kidogo, kwa macho. Ndani udongo."

Watu wakaangalia miguu yao. Mimi nikasema, "Papa, mimi nimekanda yangu tayari."

"Mama Bahati, hii si mambo ya adabu. Leo mukono wa kutoa ukuwe mufupi."

"Mukono wangu Mungu aliukata urefu huu. Mama Mapendo analala kwangu. Jana amekula sombe yangu. Leo nimulishe udongo?"

"Si yeye anakula! Ni samaki!"

"Samaki wanakula, yeye anaona aibu. Ni kitu kimoja."

Alitaka kunitoa, lakini hakukuwa na mwingine wa kunishinda kuloba, na alijua. Akaniambia tu: "Tukipoteza, ni jina lako."

Nikaenda, nikaketi karibu na Mama Mapendo, nikamutupia madonge ya masira ya kasiksi, moto wa mahindi bado ndani. Nilimutupia sawa na yangu. Alinusa, akaniangalia kwa upande.

"Umenipa ya kweli?"

"Ninyamazie. Angalia kielea."

Wageni wengine wote waliketi mpaka matako yakauma, maji mbele yao yamekufa. Wenyeji wengine nao hawakupata kitu cha maana, sijui kwa nini. Pengine waliangalia wageni kuliko vielea vyao. Mashindano yakabaki kwa wanawake wawili. Nilikuwa mbele. Wakati wa mwisho ulipokaribia nilikuwa mbele bado, na Prezida alishaanza kutembea kifua mbele.

Halafu mwiba wa Mama Mapendo ukalala, ukaenda.

Hakuvuta mbio. Alingoja, kama vile Agronome alinifundisha mimi. Mwanzi ukajikunja mpaka ncha ikanywa maji. Alimufuata samaki kushoto, akamufuata kulia, akipumua kama muntu wa uchungu wa kuzaa, na mugongo ukavunja maji. Ilikuwa Koko. Alikuwa hajakamatika misimu mingi. Siku hiyo alitoka kwenye kona yake, akapita udongo wa wote, akaenda kula mahali palipokuwa na chakula.

Mupimaji alipima mara mbili kwa sababu Prezida alimulazimisha. Balansi haikubadilika: Ntoto wameshinda.

Mama Mapendo alilia. Watu wake wakiimba, yeye alilia. Akamuambia Prezida wetu mbele ya wote: "Papa, tumuweke kwetu na wanaume wetu. Akizaa, tugawane watoto. Mimi mwenyewe nitawaleta."

Prezida akajibu, "Klabu yetu haiombi-ombi." Akaondoka na kofia yake.

Lakini pale njiani, Mama Mapendo alinishika mukono. "Dada, yeye aseme yake. Watoto wa huyu samaki ni wako. Nitakuletea." Walimubeba Koko ndani ya bidon kubwa ya plastiki iliyokatwa, wamefunika maji kwa majani ya ndizi, wanaume wawili wawili wakibadilishana mabega. Nilisindikiza mpaka mahali njia inaingia musituni. Bado ninaona yale majani yakitikisika.

Mama Mapendo hakuja. Vita ilikata njia, kwao wakakimbia, kwetu tukakimbia. Tuliporudi, wale karpe wadogo walikuwa wameliwa na watu wenye njaa, na sikumulaumu muntu. Klabu ilikufa bila mukutano. Wazee walisema jina langu kama Prezida alivyoahidi: yule mwanamuke wa mukono murefu. Nilisikia sokoni, nilisikia kanisani.

Njia ilipotulia nilienda Ntoto. Nilikuta mahali pa mabwawa ni mashimo. Vijana walikuwa ndani mpaka kiuno, wanatafuta dhahabu, maji yamekuwa rangi ya matofali. Mama mumoja aliyeuza ndizi pembeni alinijibu bila kuacha kazi.

"Mama Mapendo? Alienda zamani, hatujui wapi. Yule mama alitusumbua na samaki wake! Walizaa wengi. Kila mutu akitaka kuloba, yeye na fimbo: 'Hawa ni wa dada yangu wa Masisi, munyamaze na sufuria zenu.' Alilala pale pale kuwalinda. Mpaka risasi zilimufukuza."

"Na samaki?"

"Mama, watu walikuwa na njaa."

Niliketi kwenye ukingo uliobaki. Sikulia mbele ya wale vijana. Mimi si muntu wa kuhurumiwa na vijana wa mashimo. Lakini nilijua kwamba alikuwa amenilindia, na sikuwa nimekuja kwa wakati.

Sasa ninaishi Bweremana, karibu na ziwa. Kuloba haina pansio ya uzee. Nina wajukuu, na ninasema wazi kwamba ni wazuri kuliko wa watu wengine. Mumoja ni muuguzi kwenye hospitali ya Kirotshe na anatembea kama koko yake, ni mimi. Wananiuliza kama ninajuta lile donge. Ninajuta bwawa. Ninajuta kwamba vichwa vyote vile, na kofia juu yao, havikuweza kuweka mume na bibi ndani ya maji moja. Ninajuta kwamba hakuna mutoto hata mumoja wa bonde letu leo anayejua karpe ananyonya na kutema. Usiku wa mvua nyingi ninajiambia: Mama Bahati, ungetupa udongo siku moja tu, pengine samaki wangekuwa bado kule. Ni kweli.

Juzi nilikuwa pwani ya ziwa na mwanzi wangu, nikitafuta tilapia ya mboga. Mama mumoja asiyejulikana, aliyekimbia toka milimani na mabunda yake, akaja kuketi karibu nami, na kijiti chenye kamba na kielea. Hakuwa na chambo cha kutupa. Mimi nilibaki na donge moja. Nilikuwa bado ninafikiri, na mukono ulikuwa umeshatupa.

"Koko," akasema, "umekosea. Imeanguka kwangu."

"Sikukosea," nikamuambia. "Angalia kielea chako."