Mtani Aliyemwigiza Mume Wangu

Watu wakinisikia nasema sipendi maonyesho ya jukwaani hudhani ni mambo ya dini. Dini haihusiki. Mimi nilipenda kuimba kuliko kula, na siku ukumbi wetu wa Ifakara ulipofunguliwa upya nilikuwa mstari wa mbele wa kwaya, nimejipaka mafuta mpaka magotini, nang'aa. Kilichonitoa hamu nitakieleza, na mtu asiniulize kama nimeongeza chumvi. Sijaongeza.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la pamba la mfanyabiashara mmoja aliyefunga duka akaondoka. Upepo uling'oa paa, popo wakaingia, mbuzi wakaingia, kuta zikaota magugu. Miaka ya hamsini hiyo, watu walikuwa na moyo wa kujitolea. Wanaume walipasua mbao, sisi wanawake wa Lipangalala tukabeba mchanga wa mtoni kwa vichwa vyetu hivihivi, fundi akapiga bati, kuta zikapakwa chokaa mpaka ukiegemea unaondoka na mgongo mweupe. Mwalimu mmoja wa shule ya misheni, mtu wa maneno mengi na suruali ya pasi, akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa kutakuwa na onyesho na kila mwenye kipaji aje. Loo, kumbe mji mzima ulikuwa na vipaji! Hata aliyejua kutikisa masikio tu alitaka kupanda jukwaani.

Wakati ule mimi nilikuwa mke wa mtu asiyekuwepo. Mume wangu alikwenda manamba, kukata mkonge huko Kilosa, tukiwa hatujamaliza hata mwaka tangu tufunge ndoa kanisani. Alisema mkataba ukiisha atarudi. Mkataba ukaisha. Wenzake aliokwenda nao wakarudi, mmoja na baiskeli, mwingine na kikohozi. Yeye kimya. Tukavuna mpunga, tukalima tena, tukavuna tena, wala salamu. Nikabaki kwa mama yake, wawili tu ndani ya nyumba, yeye mjane na mimi sijulikani ni nani. Baba yangu kule Mofu alisema mke wa mtu ni mke wa mtu, nisirudi nyumbani mpaka ijulikane. Padre naye alisema hivyohivyo, kwa upole zaidi: mpaka ijulikane. Basi nilitaka jambo moja tu duniani, niambiwe kama yu hai au amekufa. Kama yu hai, nimngoje. Kama amekufa nilie, niondoke, niolewe, nizae kama wenzangu.

Mama mkwe hakunisema hata siku moja. Mwenye mdomo nilikuwa mimi. Nikikasirika niligonga masufuria, nikamtukana mume wangu mbele ya mama yake mzazi, naye akaendelea kupeta mchele wake. Huyo alikuwa mwanawe pekee aliyebaki. Wengine aliwazika wangali wadogo.

Sasa huyo mtani. Ukoo wa mume wangu ulikuwa na ukoo wa watani wao tangu enzi za mababu, na mmoja wa watani hao alikuwa mvuvi wa Kivukoni, mwembamba, mcheshi, hana haya. Mtani akikukuta unakula anakunyang'anya sahani. Akikukuta njiani anakutukana wewe na babu yako, na huruhusiwi kununa. Akija kwetu alimwita mama mkwe "mke wangu mkongwe" na kuondoka na kuku bila kuaga. Majuma machache kabla ya onyesho alirudi kutoka Kilosa kuuza samaki wakavu. Nilimkimbilia kabla hajashusha hata mzigo.

"Umemwona?"

Akasema mashamba ya mkonge ni makubwa, angemwona wapi mtu mmoja. Akageuka akaendelea na kamba zake. Hakunitukana, hakuniuliza kama nimemletea ugali. Mtani asiyekutukana, hebu fikiria! Ningekuwa na akili ningeshtuka palepale, lakini nilirudi nyumbani kugonga masufuria.

Jumapili ikafika, watu wakajaa mpaka madirishani. Madirisha ya ghala ni madogo, kwa hiyo karabai ziliwashwa mchana. Kwaya yetu iliimba vizuri, sifichi. Wanafunzi wakapandana mabegani mpaka aliye juu akashika boriti na kukataa kushuka. Karani mmoja akapiga gitaa, waya ukakatika, akaendelea na zilizobaki. Wazee wakacheza ngoma ya sangula mpaka chokaa ikapukutika ukutani. Mwalimu akapiga makofi akasema sasa ni kichekesho, tushike mbavu.

Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia la marekani, natafuna muwa. Cha kwanza kuona ni koti. Koti la kaki, mfuko wa kulia una kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweusi, kwa sababu siku ile uzi wa rangi yake haukupatikana. Nilikishona mimi, jioni moja kabla ya mume wangu kuondoka. Muwa ukanitoka mkononi.

Ndani ya koti alikuwa mtani, na mtani akaanza kutembea. Mume wangu alikatwa na jembe mguu wa kushoto utotoni, akawa anauvuta kidogo na kuficha kwa kurusha bega. Mtani akavuta mguu, akarusha bega. Akafika mbele ya watu, akakohoa mara mbili kama mume wangu alivyokohoa mlangoni kwetu, na kwa sauti ileile ya puani akasema, "Humu ndani kuna chakula, au kuna habari tu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Makarani, wenye maduka, watu wa kuja, wanafunzi, wote hoi.

Ila kwenye viti vya nyuma, walikokaa wanawake wa kwetu wenye asili ya Mahenge, hakikusikika kicheko. Kwetu mtani atakutukana, atakuibia kuku, atakuvunjia chungu, lakini kuvaa nguo zako, kutembea mwendo wako na kusema kwa sauti yako ni kazi anayoifanya siku moja tu: msibani kwako, nawe umeshalazwa. Hapo ndipo huvaa nguo za marehemu, akawachekesha wafiwa kwa kuwarudishia mtu wao kidogo. Kila mtoto wa kwetu analijua hilo. Watu wa mbele walikuwa wanatazama kichekesho, na sisi tulikuwa tunaambiwa kuna kifo.

Mama mkwe akasimama. Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kufukuza kuku, siku ile alipiga yowe mpaka bati likaitika. "Mwanangu! Mwanangu mimi!" Wanawake wakampokea, mikono kichwani, kanga zikafungwa viunoni. Na wale wa mbele, maskini, wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kupiga makofi! Wengine walisimama kabisa ili wapige vizuri. Mungu wangu, mpaka leo nikikumbuka makofi yale mwili unanisisimka.

Mimi sikulia. Nilipanda jukwaani nikamkamata mtani kola, nikamvuta mpaka chumba kidogo cha nyuma kulikowekwa ngoma. Watu wakashangilia tena. Mama mkwe akatufuata, akawazuia wanawake wenzake kwa mkono, akafunga mlango.

Mtani akapiga magoti. "Shikamoo mama," akasema, kama aliyeingia sasa hivi kutoka safari.

Mama mkwe hakuitikia. Hilo nalo lilinishtua, maana shikamoo haiachwi hewani hata kwa adui. Akauliza, "Amekufa lini?"

"Hajafa, mama."

Nilisikia vizuri, lakini nilimwambia aseme tena.

"Hajafa. Nilikula naye. Ana mwanamke kulekule, ana watoto. Alinipa hili koti liwe ushahidi, akanituma nije niseme amekufa, mkewe asimngoje. Ati anamhurumia."

Kunihurumia! Nilimzaba mtani kofi ambalo halikuwa lake. Hakujikinga.

"Kwa nini hukusema tangu ulipofika?" nikamwuliza.

"Ningesemaje? Mimi ni mtani wake. Nikitamka kwa mdomo wangu kwamba amekufa naye anapumua, si ndiyo namwua? Nikasema basi, mwalimu anatafuta kichekesho, nitamwigiza jukwaani. Mkielewa, mmeelewa wenyewe. Msipoelewa, nimecheza tu. Sikujua kama mama yumo ndani, mama haendi kwenye mambo haya."

Mama mkwe alikuwa amekuja kunisikiliza mimi nikiimba.

Mama mkwe akauliza, "Watoto wangapi?"

"Wawili. Wa kiume amepewa jina la marehemu mumeo."

Uso wake ukabadilika, nami nikadhani sasa atafurahi, kwani mwanawe yu hai, ana mjukuu mwenye jina la mumewe, bibi gani hafurahi? Nikaanza kuhesabu moyoni jinsi atakavyofunga mzigo kesho akapande lori la Kilosa, nami nitabaki kulinda nyumba ya mwanamume mwenye mke mwingine. Padre atasema ndoa ni ndoa. Baba atasema mke wa mtu ni mke wa mtu. Na nyumbani kwetu ndiyo basi tena.

Mama mkwe akanitazama, kisha akamgeukia mtani.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu."

"Basi umekwisha kumwigiza. Sasa maliza kazi yako ya msiba yote."

"Mama! Lakini yu hai!"

"Nimesikia."

Mwalimu wa suruali ya pasi alikuwa anagonga mlango, anauliza jamani kuna nini, tuendelee? Mama mkwe akafungua, akasimama mbele ya watu waliokuwa wameanza kuelewa na kunyamaza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu amefariki. Amezikwa hukohuko Kilosa. Mtani ametuletea koti lake."

Nilifungua mdomo. Akanishika kifundo cha mkono, akanibana kwa kucha mpaka nikaufunga.

Njiani kurudi Lipangalala, tukiwa tumezungukwa na waombolezaji, nilimnong'oneza kwa hasira. Niliamini anamficha mwanawe aibu. "Mama, mimi simlilii mtu anayekula ugali wake huko."

"Usilie," akasema. "Nitalia mimi."

Akalia kweli. Si kilio cha kudanganya watu, ningekijua. Alikaa mkekani, akakataa chakula, sauti ikamkauka. Mtani alifanya kazi yake yote kama alivyoamriwa, akawatania wafiwa, macho yake mekundu. Misa ya marehemu ikasomwa. Misa ya marehemu kwa mtu mzima wa afya! Nilipiga magoti nikingoja paa la kanisa lituangukie. Halikuanguka. Nilipotazama pembeni nikamwona mama mkwe anavyoitikia sala, ndipo nilipoanza kuogopa, maana hakuwa anaigiza chochote. Alikuwa anazika.

Matanga yalipokwisha, asubuhi yake, nilikuta sanduku langu uani limefungwa kamba. Kabla sijauliza, alilibeba kichwani. Mama mkwe kumbebea mkwewe mzigo! Nilimsihi, nikamnyang'anya, akalirudisha kichwani. Wanawake tuliokutana nao njia ya Mofu walisimama kututazama, na mmoja aliniuliza kwa sauti kama sina adabu.

Tulilala njiani kwa jamaa zake. Kesho yake, tukiwa peke yetu kwenye mashamba ya mpunga, nikamwuliza.

"Na akirudi, mama?"

"Mtu aliyeliliwa na mama yake mbele ya watu wote, atarudi kwa nani?"

"Na wajukuu?"

Akarekebisha kata kichwani, akaendelea kutembea. Hapo ndipo nilipoelewa alichokifanya katika kile chumba cha ngoma, na alimfanyia nani, nami nilikuwa nimemnunia siku zote zile.

Tulifika Mofu jua limepanda. Mama yangu na baba yangu walikuwa wamekwisha kupata habari. Mama mkwe akatua sanduku mlangoni, akasema nimewaletea mtoto wenu, sasa ni mjane, mwacheni aolewe anapopenda. Mama yangu, asiyejua lolote, akampa pole kwa kufiwa na mwana wa pekee. Akaipokea. "Nimeshapoa," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Nikaangua kilio palepale uani, nikagaagaa chini mpaka majirani wakaja mbio. Baba akawaambia waniache, nilikuwa nampenda sana mume wangu.